Paa Nililolipandisha Mwenyewe

Mtu asiniambie ni joto. Nililoliona nililiona adhuhuri, jua likiwa utosini, tumbo lina uji wa asubuhi na mwili hauna homa. Nimelea watoto saba na kuzika wawili. Nimehama na nyumba yangu juu ya mgongo wa ngamia kutoka Eldas mpaka mto Tana, na katika yote hayo sikuwahi kudai nimeona kitu ambacho sikukiona. Hili nililiona, wallahi. Ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, kisha usome.

Ilikuwa miaka ya tisini, ukame ulipotumalizia mifugo. Mimi na mume wangu Dagane tulifika Garissa na ngamia wanne, waliobaki kati ya wengi. Dagane alikuwa mrefu kuliko watu wote wa soko la mifugo. Ulikuwa ukimtafuta unatazama tu juu ya vilemba vya wengine. Lakini mjini hakuwa na kazi. Alikuwa akishinda kivulini mwa duka akitazama ngamia wa watu, akirudi jioni hataki hata chai. Alitaka jambo moja tu duniani: kurudi Eldas akiwa na ngamia wake mbele yake kabla mvua haijashika.

Basi wakaja wazungu wawili, mzee na mkewe, wakiendesha nyumba. Naam, nyumba. Lilikuwa gari, lakini ndani mna kitanda, jiko, kabati na beseni la kunawia. Likawaharibikia karibu na mto, joto likawashinda, wakataka kuliuza waruke kwao. Dagane akauza ngamia wetu wanne akalinunua. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Wafanyabiashara wa ng'ombe wanazunguka minada ya Wajir na Mandera wakilala chini pamoja na nge. Mmoja wao ataona gari la kulalia, atatoa bei ya ngamia wanane, na sisi tutarudi nyumbani. Gari likatengenezwa injini, likawaka. Angeliuza wiki ile ile.

Mimi ndiye niliyemzuia.

Niliingia ndani nikagonga kichwa. Paa lilikuwa chini, ndani unaweza kukaa au kulala, kusimama huwezi. Nikasema, "Dagane, nani atanunua nyumba ambayo huwezi kusimama ukaswali?" Akasema mtu ataswali nje. Nikamuuliza, na vumbi likivuma? Na mkewe je, ataswali barabarani mbele ya madereva? Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Mimi ndiye ninayekata miti, ninayeipinda, ninayeshona mikeka, ninayesema kimo kiwe hapa na mlango uwe pale. Nimejenga nyumba za kuhama tangu nina miaka kumi na mitatu. Dagane alijua ngamia, nyumba nilijua mimi. Akanipa ufunguo.

Tukalipeleka kwa Musyoka, fundi wa kuchomelea aliyekuwa karibu na soko. Alilizunguka mara mbili akitikisa kichwa.

"Mama, hii gari ilichorwa na watu wa shule. Wameilaza chini makusudi, upepo upite juu yake. Ukiipandisha, upepo utaisukuma kifuani. Itakunywa dizeli kama ng'ombe aliyefika kisimani."

"Hao watu wa shule wanaswali?" nikamuuliza.

Musyoka akacheka mpaka akashika mbavu. "Hapo umenimaliza, mama. Haya, nipime kwa nani?"

Nikamsimamisha Dagane. Si mtu mwingine, yeye, yule mrefu kuliko soko zima, tena na kilemba chake kichwani. Nikasema anapoenea Dagane wataenea wote. Juu ya kilemba nikaongeza shubiri moja, mtu apate nafasi ya kukunja blanketi. Musyoka akakata paa, akachomelea mabati mapya. Sehemu ya mbele tu, juu ya dereva, alishindwa kuipandisha kwa sababu ya kioo, ikabaki chini kama ilivyotoka kwao. Kwa hiyo paa likawa linateremka, juu kule nyuma, chini huku mbele. Mimi niliona kazi nzuri. Nilisimama ndani nikanyoosha mikono nikafurahi.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Haji Noor, mfanyabiashara wa ng'ombe. Aliliendesha kuelekea Modogashe ajaribu, akarudi siku ya pili, uso umejaa vumbi, matawi ya migunga yamening'inia kwenye paa. Akashuka akaniita eeddo, yaani shangazi, kwa heshima, kisha heshima ikaisha hapo hapo.

"Eeddo, niliomba gari, mmenipa msikiti. Bado mnara na muadhini tu. Kila mti wa miba unanivua kofia, upepo wa pembeni ukija nashika usukani kama nashika dume la ngamia. Na dizeli! Lori langu la tani saba linakunywa kidogo kuliko hili."

"Lakini uliswali ndani?"

"Niliswali, eeddo. Niliomba nifike."

Watu wakacheka. Dagane hakucheka. Baada yake akaja mtu mwenye duka Dagahaley, alitaka duka la kutembea. Alipenda kule kusimama, akapanga rafu kichwani mwake, kisha akalisukuma ubavuni kwa mkono na gari likayumba. Akasema, "Nikiweka bidhaa juu, siku moja litalala njiani na mimi ndani." Akaenda. Wengine hawakushuka hata kwenye magari yao. Walitazama kile kimo, wakauliza linakwenda kilomita ngapi kwa lita, wakaaga.

Siku moja Dagane akaniambia maneno ambayo sikuyasahau: "Ulipandisha paa, ukashusha bei." Kesho yake akapanda lori la chumvi kwenda Eldas, akawaombe jamaa zake chochote chenye miguu minne.

Mimi nikabaki kulilinda. Musyoka alikuwa ameliendesha akaliegesha nje ya mji, mahali peupe, penye mti mmoja wa miba na jirani wa karibu ni mwendo wa kutosha. Nikalala humo, nikapika humo. Bati lile refu lilikuwa tanuri. Mchana nilikuwa nikikaa chini ya gari, si ndani yake. Fikiria, mwenye nyumba kukaa uvunguni mwa nyumba yake.

Siku ya tisa, adhuhuri, kisulisuli kikatoka upande wa barabara ya Wajir. Kwetu tukiona kisulisuli tunasema bismillahi tunageuza uso. Nikasema, nikageuza uso. Nilipogeuka tena vumbi limetulia, na mwanamke amesimama mlangoni mwa gari.

Alikuwa amevaa kama mabibi zetu walivyovaa, nguo imefungwa begani. Mrefu. Hana jasho hata tone. Nikamtolea salamu. Hakuitikia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Najua ungefanya nini. Mimi nilijiambia, mnunuzi huyu, labda hakusikia.

Akaingia. Nikaingia nyuma yake. Alisimama katikati, na kichwa chake kikagusa bati, sawasawa, bila kuinama. Nikafurahi, naapa nilifurahi, nikasema leo nimepata mtu wa kimo changu. Kisha akatembea kuelekea mbele, pale paa linapoteremka. Nikangoja ainame. Hakuinama. Shingo imenyooka, mgongo umenyooka, na utosi wake bado umegusa bati. Akafika kwenye kiti cha dereva, mahali ambapo mtoto mdogo tu angeweza kusimama, akageuka akanitazama akiwa amesimama wima, na utosi umegusa bati. Akarudi nyuma, akapanda pamoja na paa. Sikuona akirefuka. Sikuona akifupika. Alienea tu kila mahali, kama maji yanavyoenea chombo.



"Nani alikata kimo hiki?" Kisomali chake kilikuwa cha zamani sana.

"Mimi."

"Kwa kipimo cha nani?"

"Cha mume wangu."

"Siku ya kupandisha paa ulifukiza ubani? Ulisoma Fatiha? Watoto walikunywa maziwa mlangoni?"

Kwetu nyumba haisimami kavu, lazima hayo. Nikasema, "Sikufanya. Nilisema ni gari."

"Na siku mlipoliwasha kuja hapa, mlisoma dua ya safari?"

Nikakumbuka siku ile. Musyoka mbele, mimi na Dagane nyuma kitandani tunakunywa chai, birika mkononi mwangu. "Hatukusoma. Tulikuwa nyumbani."

Akacheka. Kicheko cha kawaida, cha mama aliyesikia mtoto amesema upuuzi. "Basi si gari na si nyumba. Halina mwenyewe. Ningekaa tu. Lakini mimi si mwizi, nitanunua. Leta mkono."

Kwetu sokoni bei haitajwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya nguo, ukishika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, walio karibu wasijue. Baba yangu alinifundisha. Akatandaza ncha ya nguo yake juu ya mikono yetu, nikashika vidole vyake vinne: angalau nirudishiwe ngamia wangu wanne.

"Unajidhulumu," akasema. Akanipa kidole cha tano. Kisha kikaja cha sita. Cha saba. Cha nane.

Mkono ulikuwa mmoja. Mkono wake wa pili niliuona kwa macho yangu, ameuweka kwenye bati.

"Ninanunua na kipimo chake," akasema.

Sasa nisikilize vizuri. Watu wakisimulia mambo haya husema hawakujua. Mimi nilijua. Nilijua tangu salamu, nilijua zaidi kwenye kiti cha dereva, na vidole vinane kwenye mkono mmoja vilinimalizia shaka. Lakini wanane ndio ambao wangetutoa mjini. Wanane ndio Eldas, ndio Dagane kurudi kuwa mtu. Nikasema, "Chukua vyote," nikabana. Kubana ndiko kuuza.

Nguo ikalegea. Hapakuwa na mtu. Nikatoka nikakimbia mpaka kwa jirani, na nilipomweleza alinipa maji, akasema ni joto.

Baada ya wiki mbili nikasikia kengele za mbao, zile tunazowafunga ngamia shingoni. Wakaja ngamia wanane, majike, wawili wana mimba, alama ya ukoo wa mume wangu imechomwa mapajani. Jamaa zake wa Eldas walikuwa wamemchangia, kama tunavyomchangia mtu aliyefilisika. Hakuna ajabu hapo, kila mtu alisema. Nilihesabu mara mbili, wanane, nikacheka kwa sauti. Nyuma yao alikuwa mzee aliyepinda, anawaswaga akitazama ardhi. Nikadhani wamempa mchungaji.

Akasema, "Mbona huniiti jina langu?"

Nilihesabu ngamia kabla ya kumtazama mume wangu. Hilo ndilo ninalolibeba.

Aliniambia alikuwa amekaa kisimani, adhuhuri, siku ya tisa tangu aondoke, akataka kuinuka akahisi kichwa kimegonga kitu. Juu yake palikuwa na mbingu tu. Tangu hapo, kila akijaribu kunyooka anagonga. Daktari wa Garissa akamwambia mifupa yake haina kitu. Sheikh akamsomea siku saba, akalia naye, akaondoka.

Ngamia hukamuliwa mtu akiwa wima, amesimama kwa mguu mmoja, ameukunja wa pili, chombo juu ya paja. Dagane hakuweza. Ngamia wale hawakukubali mkono mwingine. Tukawauza mmoja mmoja, na Eldas hatukurudi.

Nilikwenda kwa Musyoka nikamwambia kata paa, lirudishe chini kama walivyolichora wenyewe. Hakuniuliza sababu. Nilidhani nikilishusha atafunguliwa. Wiki ile ile Haji Noor akalinunua, akaenda nalo Mandera, akarudi akilisifu: jepesi, halitikisiki, dizeli kidogo, anaswali nje na mkeka wake. Miaka mingi lilimfaa. Dagane hakunyooka.

Aliswali akiwa amekaa mpaka alipokufa. Wachimbaji waliomjua ujana wake walianza kuchimba kaburi refu. Sisi wanawake hatufiki kaburini, lakini niliwatumia neno: fupisheni.

Sasa naona vijana wanachukua mabasi mabovu wanayafanya vyumba vya kulala, wanabishana juu ya kimo na mafuta. Kimo kipimeni kwa upepo na kwa mfuko wenu, hilo ni lenu. Lakini kabla ya kuingiza godoro, amueni ni nyumba au ni gari, mkisomee kilicho chake. Na akija mnunuzi asiyeitikia salamu, akakupa bei ile ile uliyokuwa ukiiomba usiku na mchana, weka mikono yako mgongoni. Usiseme hukujua. Utajua. Sote tunajua.