Kasikisi Yenye Hakuonja

Siku ya tatu, mwezi wa kumi na moja. Butembo iliamuka na ukungu, kisha mvua ndogo ikanyesha mpaka saa sita.

Tangu bwana yangu arudi ku matanga ya Musienene, kifua kinamuwaka. Akilala, maji kali inamupanda mu koo, anakaa mu kitanda, anakohoa. Mama mukwe alisema ni sumu. Huku kwetu mwenye kukupa pombe anaonja mbele, njo unapokea. Mulamu wangu, bibi ya mudogo ya bwana yangu, njo alimumiminia kule kasikisi, ile pombe ya ndizi, na hakuonja. Mimi nilikuwako. Nilimuona anatoa kopo bila kuigusisha mulomo. Pengine alionja wakati niliangalia pembeni, siwezi kuapa. Lakini hiyo ilitosha: familia ilitaka mulamu arudishwe kwa wazazi wake Masereka, batoto babaki.

Leo mama mukwe alimuita mulamu twende naye ku centre de santé, kituo cha afya, eti asikie kwa masikio yake kazi alifanya. Akakuja. Nilipoteleza mu matope, yeye njo alinishika mukono.

Infirmière, muuguzi wa pale, alimuuliza bwana yangu: "Inakuwaka wakati gani, papa?"

"Nikisha kula. Nikilala inazidi, nikikaa inapunguka."

"Na ukiinama kufunga kamba ya kiatu?"

Mbele bwana yangu ajibu, bibi ya mudogo wake akasema polepole: "Inapanda. Chungu, mpaka mu meno. Asubuhi sauti inapotea."

Wote tulimugeukia.

"Unajuaje?" mama mukwe akauliza. "Si ni wewe ulimupa?"

"Ni ugonjwa yangu, mama. Tangu mimba ya mwisho. Kasikisi ikifika ku koo ni kama makala ya moto. Njo maana sikuionja."

"Na ulinyamaza?"

"Nani aliniuliza?"

Kopo ile niliiona vizuri kabisa, na sikuelewa kitu.

Infirmière alisema inaitwa reflux, asidi ya tumbo inapanda kwenye haipashwe. Wote wawili baache pombe na pilipili, basilale na tumbo yenye kujaa, bainue kitanda upande wa kichwa. "Lakini maumivu ikishuka mu mukono na jasho ya baridi, hapana kungojea. Hiyo inaweza kuwa moyo." Hakusema sumu haiko duniani. Alisema tu hii haifanane nayo.

Mama mukwe, nimutendee haki, aliogopa kupoteza mutoto wake. Njiani hakuomba musamaha. Aliniambia tu: "Mulamu wako na wewe mutakula kwangu."

Tulikula mbele ya jua kuzama, viazi na maharagi bila pilipili. Mama mukwe alimupakulia mulamu wangu yeye mwenyewe. Mbele ya kumupa sahani, akaonja.