Unga Kwenye Trekta

Juzi trekta la jirani liliponguruma nilijifungia ndani, ingawa kukaa ndani mimi sihitaji sababu.

Siku ile ya utotoni, kule Nachingwea, jua lilichoma. Mdogo wangu alikuwa na homa, tukapeleka unga kwenye mti wa tambiko, mimi na bibi. Tukakuta mti umeng'olewa; pale limesimama trekta la Wazungu waliokuja kulima karanga, linanuka mafuta.

Bibi akamwaga unga kwenye gurudumu. "Wazee, mmehamia humu? Mtoto anaumwa."

Dereva akaliwasha, likanguruma.

"Bibi, wamekubali!"

"Twende, mke mwenzangu," bibi akanitania, akacheka kidogo.

Jioni mdogo wangu akaacha kulia. Nikarukaruka uani nikiimba, mpaka mama akatoka, macho yamemvimba kwa kilio, akaniziba mdomo.