Siku Niliyojenga Mji Kwenye Kihamba cha Ukoo

Naona aibu kulisimulia hili, lakini afadhali nilisimulie mwenyewe, kwa sababu habari iliyofika mpaka sokoni Kwa Sadala ni kwamba mimi Manka nilitaka kuwauzia wageni shamba la ukoo, na huo ni uongo mtupu unaonichemsha damu mpaka leo. Sikuuza kitu. Nilijenga mji. Tena mji wenyewe haupo duniani.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba Pasua, huko mjini, nashona sare za shule, na nikipata nafasi naandika hadithi ya kubuni ninayoirusha kwenye kundi la marafiki kwenye simu. Mambo yote yanatokea katika mji uitwao Zanduli, una Mnara wa Mvua, una Soko la Vivuli (watu wanauziana vivuli vyao, msiniulize kwa nini), una Lango la Wageni, na katikati kuna Kilima cha Malkia. Wasomaji wangu wanaupenda, isipokuwa rafiki yangu Upendo, ambaye kazi yake ni kutafuta makosa. Akaniandikia mbele ya kundi zima: "Wewe, juzi soko lilikuwa nyuma ya mnara, leo liko mbele. Umelihamisha na trekta?" Watu wakacheka. Nikakasirika (hasira zangu ziko karibu, najua), nikaapa nitauchora Zanduli wote na kuutembea kwa miguu, hatua kwa hatua, mpaka Upendo akose la kusema.

Sasa wiki hiyohiyo nilikuwa napanda mlimani, nyumbani Machame, na haikuwa safari ya kwenda kunywa mtori tu. Baba alikuwa ameniahidi kwamba Jumapili baada ya ibada, mbele ya wazee wa ukoo, atanionyesha kipande changu kwenye kihamba, yaani shamba la migomba tulilorithi kwa mababu, pale juu ya mfereji karibu na mparachichi, nijenge. Mimi, binti, sijaolewa, miaka thelathini na sita. Mnaojua mambo ya huku mnaelewa uzito wake. Baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alikataa miaka miwili mfululizo ("mtoto wa kike ana kwake anakokwenda"), na baba akambembeleza miaka miwili hiyohiyo mpaka mzee akasema haya, leteni watu tukae tuone.

Jumamosi wote wakatoka, nikabaki peke yangu, nikaingia kwenye migomba na ramani yangu. Kihamba chetu kina mteremko mzuri, nikauona mji mzima: kilima hapa, soko pale, mfereji ndio mto. Nikaanza kuchomeka vijiti kuonyesha ukuta wa mji unapita wapi, lakini udongo ulikuwa umelowa, kila nikichomeka cha pili cha kwanza kinaanguka. Nikaangalia huku na huku nipate kitu kitakachosimama. Nikaona masale.

Najua watu wa huku mmeshashika vichwa. Kwa asiyejua, masale ni yale majani marefu tunayopanda mpakani, ukikata shina lake ukalichomeka linasimama na kuota, na ukiona yamepandwa kwa mstari huulizi, unajua cha mtu kimeishia hapo. Mimi nimezaliwa nayakuta, nimechapwa kwa kung'oa moja nikiwa darasa la pili. Na bado nikayakata, nikayachomeka kuuzunguka mji wangu wote, mstari umenyooka kama wa mpima ardhi, kwa sababu kichwani sikuwa Machame, nilikuwa Zanduli. Mvua ikaanza. Nikaifunga ramani kwenye plastiki, nikaibana kwenye shina la mparachichi kwa pini zangu za kushonea, nikakimbilia ndani, nikaandika sura mbili kwa raha ambayo sijaipata tangu niguse kalamu. Kuyang'oa nikasahau kabisa.

Jumapili tumetoka kanisani, wazee wamekaa uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapita, nami nimevaa gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya siku hiyo. Baba mkubwa akafika wa mwisho kwa sababu alipita njia ya mkato, katikati ya migomba. Mkono mmoja ameshika ramani, mkono mwingine shina la sale linadondosha udongo.

"Shikamoo baba mkubwa."

Hakuitikia. Mzee kuacha shikamoo yako ining'inie mbele ya watu, heri akupige kofi.

"Nani amepanda masale kwenye kihamba cha baba yangu?"

"Ni mimi, lakini..."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile anayosomea matangazo kanisani. "Kilima cha Malkia. Malkia ni nani, wewe?" Mtu akacheka. "Lango la Wageni. Wageni gani? Wameshakuja kupaona?" Hapo kicheko kikaisha. Kisha akashuka na kidole mpaka kona ya chini, upande iliko nyumba yake. "Bondeni kwa Wachawi."

"Hapo ni jikoni kwangu," akasema mama mkubwa, mke wake, taratibu sana.

(Nisiwadanganye. Mitaa mingine yote iliangukia ilipoangukia. Huo mmoja niliupanga makusudi.)

"Ni mji wa hadithi, baba mkubwa, haupo!"

"Haupo, na masale yapo?"

Mtu mwenye akili angenyamaza, akaomba radhi, yakaisha. Mimi nikatoa simu niwasomee, wasikie kwa masikio yao kwamba ni hadithi. Nikafungua sura ya jana yake, nikaanza kusoma mbio kwa kiherehere bila kukumbuka ina nini ndani, kumbe ndiyo ile Malkia anawafukuza barazani wazee wenye matumbo makubwa waliokalia ardhi ya watu. Nilipofika kwenye matumbo nikainua macho. Hakuna aliyekuwa anakunywa.

"Endelea," akasema baba mkubwa. "Tunasikiliza."

Hapo hasira ikanipanda, na sikuizuia. Nikamwambia mbele ya wote kwamba kama ningekuwa mtoto wa kiume nimepanda masale wangesema kijana ana haraka ya kujenga, wangenipa na jembe, na kwamba yeye miaka miwili anatafuta sababu ya kuninyima na leo ameipata. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilinimaliza. Baba yangu alikuwa ameinamisha kichwa tangu nilipoanza. Nilipomaliza akasema bila kuniangalia:

"Manka, nenda ukang'oe."

Nikang'oa. Shina moja moja, na lile gauni langu, matope mpaka magotini, wazee wamesimama kwenye ukingo wa mfereji wanahakikisha silibakizi hata moja. Nililia, lakini kwa hasira.

Halafu ikabaki radhi. Huku kwetu ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani la sale unampelekea, na akishaletewa hana ruhusa ya kukataa. Nikafunga, nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa na mkewe. Akalipokea kwa mikono miwili, akaniwekea mkono kichwani.

"Nimekusamehe, mwanangu. Kabisa." Na alimaanisha, nilimwona. "Ila habari ya kiwanja tuiache. Mtu ameshajigawia mwenyewe, anataka tumgawie nini tena?"

Wazee wakaitikia, wakakaa, mbege ikaendelea kupita. Miaka miwili ya baba kubembeleza iliishia hapo, na sababu aliyokuwa anaitafuta baba mkubwa nilimpandia mwenyewe, kwa mkono wangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kucheka kwenu. Upendo nilimtumia picha ya ramani, akajibu kwamba sasa mji umekaa vizuri.

Baba alinisindikiza mpaka barabarani. Akasema mwakani atawaambia tena. Basi nimeapa: mwakani nitapanda Machame mikono mitupu, bila karatasi, bila kalamu, simu nitaiacha Pasua. Nitawaamkia wazee wote mmoja mmoja, nitawamiminia mbege, nitaulizwa naolewa lini na nitacheka. Nitameza kila kitu mpaka baba mkubwa anionyeshe kwa kidole aseme, "Ni hapa." Nikishajenga na kuezeka, ndipo nitamwalika, na kile nilichokisema uani siku ile nitakirudia chote, neno kwa neno, nikiwa mlangoni kwangu.