Mtaalamu wa Theluji kutoka Overport

Karakana yetu ilikuwa Overport, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Tulishona vitu vikubwa: maturubai ya malori, mahema ya harusi, miavuli ya ufukweni. Mwenye karakana alikuwa Mhindi wa Durban, mpole kwa watu na mkali kwa vitambaa. Fundi mkubwa alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Lubumbashi, ambaye alitaka aitwe Papa na si Baba, kwa sababu Baba, alivyosema, ni mtu aliyekwisha kuchoka. Wa tatu nilikuwa mimi, msichana wa Moshi mwenye miaka ishirini na minne, niliyekuja Durban kumsindikiza dada yangu nikasahau kurudi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Asubuhi moja ya mwezi wa nne aliingia mzungu mwenye uso mwekundu na viatu vya kupandia milima, akatandaza mchoro mkubwa juu ya meza yetu ya kukatia. Alikuwa meneja wa hoteli ya kuteleza kwenye theluji huko milimani, mwendo wa saa sita kwa gari. Msimu uliokuja, alisema, kila kitu kingekuwa kipya. Alinunua mashine mbili za kutengeneza theluji. Aliweka lifti ya kamba ya kuwavuta wageni hadi juu ya mteremko. Uwanja wa wanaoanza kujifunza ulikuwa umepanuliwa, na chumba cha chai kimepata jiko la kuni. Kilichobaki ni magodoro. Kila nguzo ya lifti ilitakiwa ivishwe godoro jekundu, ili mgeni akiigonga asivunjike.

"Nani atakuja kuyafunga?" aliuliza.

Mwenye karakana alijikuna shingo. "Watu wangu wamezoea joto," alisema. "Baridi ya huko itawaua."

"Mimi nimezaliwa chini ya theluji," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilikuwa nimekaa miaka miwili nikiona Overport tu, na Overport ikiniona mimi tu, na neno "milimani" lilinipitia kama upepo wa kwetu.

Haukuwa uongo mtupu. Moshi ukiamka mapema, mawingu yakikuhurumia, unaiona theluji ya Kilimanjaro juu ya mapaa ya mabati. Baba yangu alikuwa anasema, "Leo mlima umetoka," kama vile ni jirani aliyekuwa anaumwa. Ila hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuigusa theluji ile. Ilikuwa yetu kama mwezi ulivyo wetu.

Yule meneja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kilimanjaro!" alisema. "Basi wewe unaijua theluji. Huwa inakaa vizuri wakati gani?"

"Inategemea," nikajibu kwa sauti ya daktari.

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Papa alikuwa nyuma yangu na sindano mdomoni, na nilisikia pumzi ikimtoka puani.

Tulishona magodoro yale wiki tatu: kitambaa kinene chekundu, sponji ndani, mikanda minne ya kufungia. Wiki zote tatu Papa hakunipa nafasi.

"Tantine," alikuwa ananiita hivyo, yaani shangazi kwa Kifaransa, ingawa angeweza kuwa babu yangu, "theluji iko na harufu?"

"Iko."

"Harufu ya nini?"

"Ya sufuria iliyooshwa."

Alikuwa anatikisa kichwa na kuendelea kushona. Kisha Jumapili aliyabeba majibu yangu hadi kanisani kwao Cato Manor, na Jumatatu alirudi na maswali mapya ya waumini. Je, theluji ikimwagika kwenye nguo inaacha doa? Je, mtoto akiila anapata tumbo? Nilimjibu kila mmoja. Niliwaambia inaacha doa kidogo kwenye nguo nyeupe, na mpaka leo sijui nililitoa wapi.

Siku moja aliacha mashine, akavua miwani, akaniangalia. "Tantine, uko nasema bongo."

Nilidhani ananisifu. Kwetu bongo ni akili, na Bongo yenyewe ni nchi yangu. Nikamwambia asante. Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Ndipo akanieleza kwamba kwao Lubumbashi, bongo ni uongo.

"Lakini sitasema kwa mtu," aliongeza. "Kwa sharti moja. Na miye nakwenda."

Mwezi wa sita tukaondoka, Papa na mimi na magodoro kumi na nane, na dereva wa kukodi aliyependa kimya. Nilivaa makoti mawili ya dada yangu. Papa alivaa suti ya kanisani, na juu yake blanketi. Tulipita Pinetown, tukapanda, tukapanda tena, masikio yakaziba. Barabara ilipokuwa ya vumbi nilianza kunyoosha shingo kutafuta weupe.

Hapakuwa na weupe. Tulifika saa nane mchana tukakuta mlima mzima una rangi ya mkate. Majani makavu, mawe, kondoo wawili, na lifti mpya ikining'inia juu ya vumbi. Zile mashine mbili za theluji, zenye midomo mikubwa kama ngoma, zilikuwa zinatema maji. Maji yalianguka yakawa tope.

Meneja alikuja mbio. Uso wake ulikuwa mwekundu zaidi. Kesho yake, alisema, walikuwa wanakuja akina mama wanne kutoka Durban, wenye ofisi za kuuza safari, pamoja na mpiga picha. Wangekuja kuona mapya ya msimu. Wasipopenda, hawangemleta mgeni hata mmoja.

Kisha akanigeukia. "Wewe mwenyeji wa theluji. Itashika?"

Niliangalia juu. Nililamba kidole nikakiinua hewani, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu akifanya hivyo, sikumbuki wapi. Pembeni ya mashine moja Papa alikuwa amechuchumaa na kijitabu mkononi. Kilikuwa kijitabu cha mashine, na kilikuwa cha Kifaransa tupu, kwa hiyo hapo hotelini hakuna aliyekuwa amekifungua. Papa alikuwa anakisoma kwa raha, kama mtu aliyepata barua kutoka nyumbani. Aliinua macho akaninong'oneza, midomo haikuchezacheza:

"Iko naomba baridi zaidi. Wafunge maji nusu, wangoje. Sema kesho asubuhi."

"Punguzeni maji nusu," nikatangaza. "Zimeni sasa, mkawashe kabla ya jua. Kesho asubuhi itashika."

Meneja aliandika maneno yangu kwenye kiganja chake.

Jioni ile tulifunga magodoro mpaka vidole vikafa ganzi, tukalala kwenye vyumba vya wafanyakazi. Nilipofungua mlango asubuhi, kabla sijanawa uso, mteremko ulikuwa mweupe. Ukanda mmoja tu, mrefu kama shuka iliyoanikwa, huku na huku majani makavu. Nilishuka pale na makoti yangu mawili, nikachuchumaa, nikaugusa.

Ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani, na ulitoa sauti chini ya viatu kama mtu anayetafuna karanga. Niliinusa theluji ile. Hakuna harufu. Nikajikuta nimeweka kidogo ulimini na nimemfikiria baba yangu, pale uani, kikombe mkononi, akisema mlima umetoka. Nilikaa hivyo mpaka magoti yakalowa.

"Tantine," Papa alisema nyuma yangu, "sufuria iko wapi?"

Kabla sijamjibu, meneja alikuwa anatujia amebeba mbao mbili ndefu za kutelezea na viatu vizito kama matofali. Furaha yake ilinitisha. Wageni walikuwa wamesafiri usiku kucha na tayari walikuwa kwenye chumba cha chai, alisema. Alitaka waone kwamba lifti mpya ni rahisi na uwanja wa kujifunzia ni salama. Na nani bora kuwaonyesha kuliko binti wa Kilimanjaro?

Hapo nilipaswa kusema kweli. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Namba ya kiatu changu ni tano."

Papa alinisaidia kufunga zile mbao. Alikuwa amebana kicheko. "Nitakuombea," alisema. "Kwa Kifaransa, ifike upesi."

Lifti ile ilikuwa na visahani vilivyoning'inia kwenye kamba. Unaweka kisahani nyuma ya mapaja, kinakusukuma mpaka juu. Hilo nililiweza. Nilipanda wima kabisa, mikono imeshika fimbo ya kisahani, na chini niliwaona akina mama wanne wametoka na vikombe vyao vya chai, na mpiga picha amepiga goti. Niliwapungia. Nadhani huo ndio ulikuwa upumbavu wangu mkubwa kuliko wote, kwa sababu nilipunga mkono hasa pale nilipotakiwa kuachia kisahani.

Nikageuzwa. Nikaona mbingu, nikaona mlima, nikaona mbingu tena. Ubao mmoja uliniaga ukaenda kwa kondoo. Nilishuka kwa mgongo, kisha kwa tumbo, koti la juu limenifunika kichwa, nikipiga kelele kwa Kichaga, lugha ambayo sikuwa nimeitumia tangu nitoke nyumbani. Halafu kitu chekundu kikaja mbele yangu kwa kasi. Nikafungua mikono nikakikumbatia.

Kilikuwa godoro letu. Lilitoa sauti ya "puff", likabonyea, likanirudisha taratibu nikakaa kitako kwenye theluji. Hakuna kilichovunjika. Nilijipapasa mara mbili kuhakikisha.

Kisha mmoja wa wale akina mama, mnene, mwenye kofia ya sufu ya njano, akaanza kupiga makofi. Wenzake wakamfuata.

Meneja hakuwa mjinga. Alisogea mbele akasafisha koo. "Hivyo, mabibi," alisema, "ndivyo yanavyofanya kazi magodoro yetu mapya."

"Tunaweza kuona tena?" aliuliza yule wa kofia ya njano.

Nilitikisa kichwa kukataa. Lakini Papa alikuwa amekwisha kuvua blanketi. "Miye!" alisema. Alichukua sinia kubwa la chumba cha chai, akapanda mteremko kwa miguu na suti yake ya kanisani, akakaa juu ya sinia kama askofu kitini. Alishuka amenyooka, tai ikipepea begani, akiita "Attention! Attention!" mpaka akaligonga godoro la nguzo ya pili. Aliinuka, akainama kwa heshima, akapigiwa makofi kuliko mimi. Iliniuma kidogo.

Baada ya hapo hakuna aliyeshikika. Yule wa kofia ya njano alitaka sinia. Wa pili akataka. Kufika saa sita mchana akina mama wote wanne walikuwa wamelowa mgongoni, wanacheka kama wasichana wa bweni, na kulikuwa na foleni ya kugonga nguzo. Mpiga picha alimaliza filamu zake zote. Lifti mpya hakuna aliyeiulizia tena.

Walipoondoka, meneja alitukalisha karibu na lile jiko la kuni, akatumiminia chai. Alinigeukia. "Kwenu Kilimanjaro," alisema, "watu hushuka hivyo?"

Nikaona imetosha. Nikamwambia kwamba ya leo asubuhi ndiyo theluji ya kwanza kuigusa maishani mwangu. Nikamwambia kwamba nyumbani tunaiona kwa mbali, na siku nyingi hatuioni kabisa. Nikamwambia pia kuhusu kijitabu na Papa. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

Alizungusha kikombe chake. "Mimi nilikuwa na duka la mbao za kuchezea mawimbi pale ufukweni Durban," alisema hatimaye. "Nimekuja huku mwezi wa pili. Sijawahi kuona theluji ikianguka. Nilikuwa nakuuliza kwa sababu nilikuwa sijui."

Tukaangaliana, sote watatu.

"Eish," Papa akasema. "Basi hapa hakuna mwenye kujua."

Tulicheka mpaka mpishi akaja kuchungulia. Kisha Papa akaomba kalamu, akakaa mchana wote ule akimtafsiria meneja kijitabu chote, ukurasa kwa ukurasa: mimi nikigeuza Kiswahili chake kuwa Kiingereza, na tulipokwama kwenye neno la kiufundi, sote tulikwenda kuitazama mashine tukakuna vichwa.

Tuliporudi Overport, hoteli ile iliagiza magodoro mengine sita, manene zaidi, yasiyo ya nguzo yoyote. Mwenye karakana hakuelewa ni ya nini, na hatukumweleza. Kanisani Cato Manor, Papa alisimulia habari ile akiwa yeye ndiye aliyepanda lifti. Nilialikwa Jumapili moja, nikakaa mstari wa pili nikamsikiliza akianguka kwa uzuri ambao mimi sikuanguka nao. Mama mmoja akaniuliza kama nilikuwepo. Nikasema nilikuwepo, nilimshikia Papa koti lake.

Mwezi wa saba simu ya karakana ililia saa nne asubuhi. Alikuwa meneja. Ilikuwa inaanguka, alisema, theluji ya kweli, kutoka juu, bila mashine, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia ambaye angefurahi inavyotakiwa. "Subirini," alisema, "naitoa simu dirishani msikie."

Papa alizima cherehani yake. Mwenye karakana aliacha mkasi. Tulisogeza vichwa vitatu kwenye mkono mmoja wa simu tukasikiliza. Hapakuwa na sauti yoyote, ila waya ukivuma kwa mbali.

"Mnasikia?" meneja aliuliza.

Nilimtazama Papa. Alikuwa amefumba macho.

"Iko nasikika," alisema. "Iko nasikika muzuri sana."