Wa Kumwambia Basi

Fundi saa hakuwa mtu wa kusema uongo. Kwa kweli hakuwa mtu wa kusema chochote. Ukimpelekea saa kibandani anaipokea, anabana kioo chake jichoni, anainama, na jibu lako ni "Kesho kutwa." Sasa mtu wa namna hiyo aseme uongo mara moja tu maishani, jamani, ausemee kwenye simu, kwa mwanawe wa pekee, tena uongo wenyewe uwe wa keki!

Binti alipiga siku tano kabla ya sikukuu. Ni muuguzi, anaishi mbali, safari ya usiku kucha, na tangu walipomzika mama yake miezi mitatu nyuma hakuwa amekanyaga tena nyumba ile.

"Baba, mwaka huu nitabaki huku kazini. Usinielewe vibaya. Nikifikiria kuingia mle ndani, mama hayupo, mezani hakuna keki yake, naona siwezi."

"Keki ipo," akasema fundi.

"Ipo vipi?"

"Mama yako aliipika kabla hajalazwa. Iko kabatini, imefungwa kwenye karatasi yake."

Keki ile hukaa hata miezi bila kuharibika, na binti alilijua hilo. Akasema, "Nakuja, baba. Usiikate mpaka nifike."

Fundi akabaki ameshika simu, maji yamemfika shingoni. Kabatini hamkuwa na keki yoyote. Kilichokuwamo ni chupa kubwa ya kioo, na ndani yake zabibu kavu, tende zilizokatwakatwa na maganda ya machungwa, vyote vimeloweshwa kwenye brandi tangu katikati ya mwaka. Hiyo marehemu aliiacha kweli. Kila mwaka aliloweka chupa moja, ya keki moja, na mwaka huu aliloweka kama kawaida ila hakuwahi kuifungua. Ikiharibika hiyo, hakuna nyingine itakayotoka mkononi mwake.

Mtasema, si apike tu? Ndoa ya miaka thelathini na moja, keki thelathini na moja, na yeye alikuwepo jikoni kila mara! Alikuwepo, ndiyo. Kazi yake ilikuwa kukoroga. Mkewe alimkalisha kwenye kigoda, akampa bakuli na mwiko, akamwambia, "Koroga mpaka nikuambie basi." Naye akakoroga. Akishaambiwa basi ananawa mikono, anarudi kwenye saa zake. Kilichotangulia na kilichofuata hakuwahi kukitazama. Na mwanamume huyu, ambaye kuta za nyumba yake zimejaa saa mpaka hakuna pa kutundika kalenda, hakuangalia hata siku moja alikuwa akikoroga dakika ngapi.

Kesho yake akanunua vitu. Fundi viatu, jirani yake wa kibanda, akachungulia mfuko.

"Siagi kilo nzima! Fundi, umeshapata mchumba nini?"

Alitania tu, kama walivyozoea kutaniana. Fundi saa alitaka kucheka, uso ukagoma. Angeweza kuuliza palepale, maana mke wa fundi viatu hupika keki za harusi na angemwelekeza kwa dakika mbili. Lakini aliona haya. Umekaa na mwenzio miaka yote hiyo, leo uende kumwuliza mke wa mtu keki ya nyumbani kwako hupikwaje? Akajikaza kisabuni, akaubana mfuko kwapani, akaenda zake.

Siku moja kabla ya sikukuu alifunga kibanda mchana. Jikoni kila kitu kilikuwa mahali pake, hata aproni ya marehemu msumarini, na doa la mafuta mfukoni. Akakalia kigoda chake, na kwa kuwa hakujua kipi hutangulia, akatia vyote kwenye bakuli kwa mpigo: siagi, sukari, mayai, unga. Akaifungua chupa. Harufu ya machungwa na brandi ikampanda, akakaa na kifuniko mkononi. Kisha akaimimina yote, matunda na maji yake, asibakize tone. Kumwaga hata kijiko kimoja cha mkewe aliona dhambi.

Akaanza kukoroga. Akakoroga mpaka siagi ikapotea. Akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono. Sikio lake lote lilikuwa upande ule wa jiko aliokuwa akisimama mkewe, na mtu akikuambia kwamba mzee wa miaka sitini na mitano, mwenye akili zake timamu, hawezi kusubiri sauti ya marehemu, mwambie hajui kitu. Alisubiri. Saa za sebuleni ziligonga, zikakaa, zikagonga tena. Hakusema neno, wala hakuna aliyemsemesha. Alikuwa mpweke kuliko siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko watu walijaa mpaka uani. Mwishowe mwiko ukamponyoka, akauacha ulipoangukia, na kukoroga kukaishia hapo.

Keki ilitoka ovenini na rangi nzuri tu. Akaifunga kwenye karatasi ya mwaka jana, ile ambayo marehemu aliikunja akaihifadhi, akaitia kabatini kutimiza uongo wake.

Asubuhi ya sikukuu binti akafika. Alisimama mlangoni kama mgeni, mkoba begani, macho mezani. Keki ilikuwa imeshatolewa kabatini; akautua mkoba, akaigusa ile karatasi.

"Mikunjo yake hii," akasema.

Fundi akatazama pembeni. Kisu kiliingia kwa shida, na kipande kilipolala sahanini mambo yakawa hadharani. Juu mkate mtupu, mgumu. Chini matunda yote yamezama, yamelaliana. Katika keki ya mkewe zabibu zilikuwa kila mahali.

"Baba, hii si ya mama."

"Matunda ni yake," fundi akasema, akiangalia vidole vyake. "Mengine nimeharibu mimi. Nilikudanganya ili uje. Nilikoroga, mwanangu, nilikoroga weee, nikisubiri aniambie basi."

Alingoja binti aunyanyue mkoba wake, na asingemlaumu. Binti akamega, akatafuna polepole, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Ulitia vyote pamoja?"

"Vyote."

"Kinachokorogwa sana ni siagi na sukari tu, baba. Dakika kumi zinatosha."

"Dakika kumi! Mbona mama yako alikuwa akiniacha pale saa nzima? Mkono ulikuwa unaniuma mpaka nashindwa kushika bisibisi!"

"Hata mimi nilimwuliza, kule hospitalini, alipokuwa akinielekeza. Nikamwambia, mama, unamtesa baba bure. Akacheka. Akasema, 'Baba yako mwaka mzima hasemi. Ukimpa bakuli ndipo anapozungumza. Sasa nimwambie basi ya nini?'"

Fundi akapiga hesabu. Saa moja kila mwaka. Ukizijumlisha zote hazifiki siku mbili, na siku nyingine zote za ndoa yake aliziinamia saa za watu.

"Nilikuwa namwambia nini?"

"Hakuniambia. Alisema hayo ni yake."

Binti akakata kipande kingine, akakisukuma mbele ya baba yake. Akavua viatu, akapandisha miguu kitini kama alivyokuwa akifanya utotoni na kugombezwa kwa hilo.

"Haya," akasema. "Bakuli sina. Zungumza hivyohivyo."

Fundi akakohoa, akazungusha sahani.

"Kuna bwana mmoja," akaanza, "wiki iliyopita aliniletea saa ya mkewe. Haikuwa na ubovu wowote. Akaniomba niisikilize tu, kama bado inatembea."