Mundu wa Wagiriki

Fundi wa maabara wa dispensari yetu ya Tshopo ana ulimi mrefu kuliko foleni yake. Hakupi jibu la damu kabla hajafuta miwani kwa pindo la koti, akaikagua, akaifuta tena. Ukiwa mzima, anakuhutubia Kigiriki kwanza. Ukiwa na balaa, anakushika mkono na kusema Kiswahili kitupu. Mtaa mzima unajua. Asubuhi ile Nyota alifuata majibu ya drepanositozi, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, yake na ya mchumba wake Jafari. Ikionekana wote wawili wanaubeba, hamna ndoa. Mama yake Jafari ameshaapa. Miwani ikafutwa mara ya tatu. Mkono wa mzee ukasogea juu ya meza, na Nyota akauficha wake mapajani. Mkono ukampita, ukaokota kalamu, ukachora kitu kilichopinda.

“Bon, mama. Drepanon, kwa Wagiriki, iko mundu. Kutos iko chombo. Donc, chembe ya damu inajikunja sawa mundu…”

“Merci, papa!” Nyota alishafika mlangoni, akimwita Jafari kwa sauti ya kusimamisha soko.

Mzee akainua kalamu, ameudhika kwelikweli. “Mutoto, rudia huku! Iko bado mukia ya neno!”