Uso wa Habari

Juzi nilikuwa Ntinda, kwenye moja ya hizi supamaketi za siku hizi, nimesimama mbele ya rafu ya sukari nikishindwa kuchagua, mara redio ya dukani ikaanza kipindi chake cha zamani. Huchagua wiki moja ya miaka iliyopita, wakasoma habari zake, wakapiga nyimbo zilizotamba, wakataja na televisheni ilionyesha nini. Mtangazaji ni kijana ambaye sauti yake huanza kucheka kabla hajasema neno. Akasema leo anaturudisha miaka ya sabini, enzi za serikali ya wanajeshi, wiki ambayo bendi kutoka Kongo ilipiga kwenye televisheni Jumamosi jioni na Kampala nzima ikacheza. Kisha akauweka wimbo wenyewe. Nilipolisikia lile gitaa linalozunguka mwishoni kama mgeni asiyetaka kwenda kwao, niliirudisha sukari kwenye rafu nikatoka nje.

Kampala nzima ikacheza! Sijui nani alimwambia. Mimi nilikuwepo, rafiki yangu, na wiki ile naijua. Kwetu hakucheza mtu.

Tulikaa kota za serikali hapo hapo Ntinda, mstari wa nyumba za matofali na mabati, milango yote ikitazama uwanja mmoja wa vumbi ambapo wanawake walianika nguo. Baba alikuwa fundi wa magari katika gereji ya serikali. Majirani wengi walikuwa familia za askari kutoka kaskazini, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kile chetu cha kambini, cha kusema "naongea" badala ya "anaongea", ambacho ukienda nacho Mombasa wanakucheka. Sukari tuliisikia tu. Chai tuliinywa na sukari guru, na sabuni ilipoadimika mama alifua kwa majani ya mpapai, nguo zikawa na harufu ya kijani ambayo mpaka leo ninayo puani. Mihogo ilichemshwa asubuhi na karanga zikatwangwa mchana. Ningeweza kukuambia yalikuwa maisha matamu, na kwa mtoto yalikuwa hivyo, ila watu wazima walikuwa wakiongea huku wakitazama mlango.

Televisheni ilikuwa moja tu, ya sajini aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipiga tarumbeta katika bendi ya jeshi, na hilo peke yake lilitutosha kumwogopa. Siku hizo redio ikiacha rumba ghafla ikaanza muziki wa gwaride, ulijua kuna jambo huko mjini, na mama alituvuta ndani na kufunga madirisha. Sasa hapa tulikuwa na mtu aliyeupiga muziki huo kwa midomo yake. Tena aliishi peke yake, mke wake akiwa kwao kaskazini. Tena alikuwa na televisheni. Aliipata wapi? Hakuna aliyemuuliza, lakini kila mtu alikuwa na jibu lake.

Jumatatu ya wiki ile sajini alipita mlango kwa mlango akisema Jumamosi kutakuwa na bendi ya Kikongo kwenye televisheni, na tangu leo jioni nyumba yake iko wazi, tuje tuzoee. Watu wakamshukuru. Alipoondoka, baba akamwuliza mama huyu mtu anatutakia nini. Ukienda, utaonekana. Usipoenda, utaonekana zaidi. Baba akaamua tutakwenda, sote, na tutakaa mpaka mwisho wa taarifa ya habari, kwa sababu aliyeinuka kabla habari hazijaisha alikuwa kama amesema neno baya. Watoto tulikojoa kwanza ndipo tukatoka.

Kabla ya kutoka, mama alitupanga mbele yake akatufundisha uso wa habari. Mdomo umefungwa bila kukazwa. Macho wazi, yawe kwenye picha. Usicheke, maana watauliza unacheka nini. Usihuzunike, maana watauliza nani amekufa. Alitushika videvu mmoja mmoja akatugeuza huku na huku, kama anayekagua nyanya sokoni. Baadaye niligundua kila nyumba ya mstari ule ilikuwa na mazoezi yake.

Televisheni iliwekwa kwenye kona, chini ya dirisha. Sajini alitupa viti na mikeka yote, yeye akajibana kwenye kigoda kati ya televisheni na ukuta, akitugeuzia uso. Ndiyo, alikaa akitutazama sisi. Mkono wake wa kulia ulipotelea nyuma ya televisheni na haukurudi mpaka tulipoondoka. Msomaji wa habari alisoma kwamba Mkubwa wa nchi amepokea wageni, Mkubwa amefungua kiwanda, wananchi wana furaha, na muda wote huo macho ya sajini yalitembea juu ya nyuso zetu polepole, safu ya mbele mpaka ya nyuma. Tukamrudishia uso wa habari. Tulipofika nyumbani baba alisema ule mkono umeshika bastola. Mama alisema ni mashine ya kunasa sauti. Kesho yake kwenye bomba la maji nikasikia jirani mmoja akinong'ona kwamba jamaa anasoma midomo.

Jumanne bibi yangu mzaa baba alifika kutoka kijijini kutibiwa macho hospitali ya Mulago. Walimfunga bendeji, akawa haoni kitu, lakini alikuwa mchangamfu na alipenda redio kuliko chakula. Hapo ndipo tulipokuwa na siri yetu. Baba alikuwa na redio ndogo aliyoificha kabatini, na kila asubuhi, mama akiwasha mkaa, aliingiza kichwa kati ya makoti akasikiliza idhaa ya Kiswahili ya ng'ambo. Nilipokuwa mdogo zaidi nilidhani wanaume wote husali hivyo. Kilikuwa kitu cha kumtoa mtu roho, na watoto tulilijua hilo bila kuambiwa. Bibi hakulijua. Alisikia sauti kabatini, akaifurahia, na kila asubuhi akawa anauliza kabati limesema nini leo. Baba alicheka akamjibu. Hakuna aliyefikiri kumfundisha bibi uso wa habari, kwa kuwa nusu ya uso wake ilikuwa ndani ya bendeji.

Jumatano tukaenda naye. Msomaji akasema sukari imejaa katika maduka yote ya Kampala. Chumba kizima kikatulia na nyuso zake. Bibi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwake: "Hii naongopa. Ile ya kabati asubuhi alisema sukari hakuna."

Hakuna aliyegeuka. Nakumbuka feni ndogo ya sajini ikizunguka, na jasho likimshuka baba kwenye shingo huku uso wake ukiwa umetulia, mdomo umefungwa bila kukazwa. Sajini alimtazama bibi, kisha baba, kwa muda mrefu. Mkono wake haukutoka nyuma ya televisheni. Habari zikaendelea mpaka mwisho, tukashukuru, tukaondoka.

Alhamisi na Ijumaa nyumba yetu haikula vizuri. Mama alimfungia baba nguo katika mkoba, aende Busia avuke mpaka aingie Kenya. Baba akasema akikimbia watatuchukua sisi. Kuitupa redio hakuweza, kila shimo lilikuwa na macho. Majirani waliacha kutusalimia kwa mikono, wakatusalimia kwa vidole tu, kutoka mbali. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kuuliza kabati limesema nini, na baba akamjibu kwa upole kwamba kabati ni bovu.

Jumamosi mchana sajini akaja. Alibeba kikapu chenye viazi vitamu. Hakukaa. Alimsalimia bibi kwa heshima, kisha akamwambia baba: "Fundi, kabati yako naongea sana. Lete hiyo kitu, mimi nitatengeneza."

Baba alikwenda kabatini akarudi na redio mikononi kama mtu anayeota. Sajini akaifunika kwa viazi na kuondoka, akipita katikati ya uwanja, taratibu, akiwasalimia waliokuwa wakifua. Mama akaketi chini. Baba akasema basi, ushahidi ameshaupata.

Jioni ile ndiyo ilikuwa jioni ya bendi. Tulikwenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Wakongo walivaa suruali pana chini, magitaa yaling'aa, na wimbo huu wa juzi ulipofika kwenye lile gitaa la mwisho, mguu wa sajini ulianza kupiga sakafu. Akatabasamu, akitutazama, kama anayesubiri tuanze. Mtoto mmoja alitikisa bega na mama yake akalishika. Tulikaa pale, chumba kizima, na uso wa habari, tukisikiliza rumba.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, gari lisilo na namba liliingia uwanjani. Wanaume walioshuka humo walikuja kwetu kwanza, wakaenda moja kwa moja kwenye kabati, kwa hiyo usiniambie hakuna aliyepeleka maneno. Walikuta makoti. Wakapita nyumba ya pili. Katika ya tatu, ya sajini, walitoka na redio na sajini mwenyewe. Wakamsimamisha mbele yetu sote wakamuuliza ni ya nani. Alituangalia kama alivyozoea, polepole, safu ya mbele mpaka ya nyuma. Alipofika kwa baba hakusimama, akaendelea kwa mama, kwangu, kwa bibi na bendeji yake. Kisha akasema, "Yangu."

Na sisi tukamtazama kama tulivyofundishwa. Mdomo umefungwa bila kukazwa. Macho wazi. Walimtia kwenye buti la gari, na hatukumwona tena.

Baba hakukubali kamwe. Mpaka anazeeka alisema yule alikuwa mtu wao, alitaka kuipeleka redio kwa wakubwa wake Jumatatu, wenzake wakamwahi. Mama alisema nyamaza, uko hai kwa sababu yake. Nami nimerithi shaka za baba, kwa sababu wakati ule ulitulea hivyo, mtu akikutendea wema unatafuta mkono wake mwingine uko wapi.

Ila ule mkono niliuona. Baadaye mke wa sajini alishuka kutoka kaskazini kuchukua vyombo, mwanamke mrefu aliyeongea kidogo. Alitaka kuiuza televisheni sokoni Nakivubo na mnunuzi alitaka kwanza aione ikifanya kazi. Majirani wakajikusanya. Baba akaiwasha, ikatoa chengachenga tu. Akachungulia nyuma, akakuta waya wa antena umekatika, ncha yake inaning'inia dirishani. Akaniambia nikae kwenye kigoda niushike mahali pake. Nikajibana ukutani, nikanyoosha mkono wa kulia nyuma, na wote wakasema hapo hapo, usiachie, picha imekuja.

Mimi sikuiona picha. Kutoka pale huwezi kuiona. Unachoweza kuona ni watu tu, safu ya mbele mpaka ya nyuma, na kila mmoja alikuwa na uso wa habari. Baba alinitazama, akautazama mkono wangu, akainamisha kichwa.

Mke wa sajini ndiye aliyesema, bila kumlaumu mtu: "Aliniambia kwamba yeye anasikia tu. Picha ni ya majirani."

Kota zile zimebomolewa, pamejengwa maduka. Sukari ipo, muziki upo kila kona, na kijana wa redio anasema tulicheza. Hatukucheza. Aliyetaka kucheza alikuwa mmoja, na mkono wake ulikuwa umeshika waya.